Jinsi ya kufunga flashingi pale bati la kibaraza linapogusa ukuta, ili uache kupaka simenti kila masika

Masika ikianza tu simu yangu inajaa picha za aina moja. Ukuta wa sebule au wa jikoni una doa la kahawia limeshuka kutoka juu kama ramani, rangi imevimba, chini kuna beseni. Ukizunguka nje unakuta kibaraza kimeegemezwa ukutani, na pale bati linapogusa ukuta kuna simenti imepakwa, imepasuka, ikapakwa tena, ikapasuka tena. Kuna nyumba moja huku Moshi nilihesabu tabaka nne, ya juu bado ilikua mbichi na mwenye nyumba ananiuliza, fundi, hii nayo itashika?

Haitashika. Bati linatembea. Bati la mita 6 likipigwa na jua mchana alafu likapoa usiku, tofauti ya nyuzi 40 hivi, linarefuka na kurudi karibu milimita 3, na linafanya hivyo kila siku iendayo kwa Mungu. Simenti haijui kutembea, inachojua ni kupasuka, na ule ufa wa unene wa unywele ndo mlango wa maji. Alafu kama bati lako ni la aluzinki, yaani chuma kilichopakwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki (mengi ya msauzi, yale ya rangi yenye migongo mipana, ni hayo), simenti mbichi inakula ile ngozi yake ya juu, kwa hiyo unakua umeziba na umetoboa kwa mkono huohuo.

Kwa hiyo hapa tunafunga flashingi yenyewe, bati pleni lililokunjwa, juu linaingia ndani ya ukuta, chini linalalia juu ya bati la paa. Nimeandika kwa ajili ya kuta za tofali na plasta maana ndo nyumba zetu nyingi, wenye nyumba za mbao kule juu Marangu na Kibosho sehemu yenu iko mwishoni.

## Kwanza jua unafunga wapi

Kuna sehemu mbili na watu wanazichanganya.

Kichwani: mwisho wa juu wa bati umegonga ukuta na maji yanashuka kuuacha ukuta. Hii ndo ya vibaraza vingi.

Ubavuni: bati linashuka sambamba na ukuta, maji yanakimbia pembeni yake mpaka kwenye gata. Hii ndo inayosumbua zaidi, kwa sababu maji yanatembea na ukuta safari nzima na pale chini yanapofika mwisho yanatafuta pa kuingilia.

Kibaraza kinachokaa kwenye kona ya nyumba kina zote mbili. Chora kwenye karatasi kabla hujaenda hadwea.

## Vitu vya kununua na vya kuazima

- Bati pleni (lisilo na migongo) futi 8 kwa 4, geji 28 au 26, aina moja na bati lako. Kumbuka geji namba ikiwa ndogo bati ndo nene, kuna watu wanaletewa geji 32 wanafurahi namba ni kubwa.
- Skruu za bati zenye mpira, ndefu za kufika kwenye papi (mbao inayobeba bati) na fupi za kushika bati kwa bati.
- Silanti (dawa ya kuzibia inayobaki inavutika kama mpira) ya poliyurethani ya nje na bunduki yake. Tyubu moja ya mililita 300 inajaza mfereji utakaokata ukutani, wa sentimita 1 kwa 1, urefu wa mita 3, kwa hiyo ukuta wa mita 6 ni tyubu mbili na moja ya akiba kwa ajili ya maungio.
- Grinda yenye kava na diski ya kukatia zege, miwani, barakoa. Barakoa siyo urembo, ukikata tofali dakika mbili tu utakohoa usiku kucha.
- Mkasi wa bati, plaiya bapa, tindo na nyundo, drili, futi, pima maji, kamba ya chaki, maka peni.
- Sponji nyembamba, brashi ngumu, gunia kadhaa.
- Ngazi, kamba, ubao wa kukanyagia, na mtu wa pili. Peke yako usipande.

Kuhusu silikoni: ile inayonuka siki ukifungua usiinunue kwa kazi hii hata mangi akikupunguzia bei. Ile harufu ni asidi, inakula zinki na haishiki vizuri kwenye simenti. Kama poliyurethani haipo, ulizia silikoni isiyonuka siki, ila hiyo haikubali rangi juu yake.

## Kukunja: mpe fundi vipimo, usimwambie "nikunjie flashingi"

Ukimwambia nikunjie flashingi atakukunjia L ya kawaida, kimo cha vidole vitatu, utarudi nayo nyumbani na itavuja. Nenda kwa wale wanaotengeneza gata wana mashine ya kukunja, mpe karatasi iliyoandikwa hivi, kuanzia juu:

Mdomo wa kuingia ukutani sentimita 2.5, ncha yake ikunjwe kinyume kidogo, milimita 8, ili ukiingia ung'ang'anie. Kimo cha kusimama ukutani sentimita 15. Sehemu ya kulalia bati sentimita 20. Pindo la chini sentimita 1, likunjwe kwa ndani ili makali yasibaki wazi na lisipigepige na upepo. Jumla ni sentimita 39 na kitu, na bati la futi 4 lina sentimita 122, kwa hiyo linatoa vipande vitatu vya sentimita 40. Vipande vitatu vya futi 8 vikipandiana vizuri vinatosha ukuta wa mita 6 na vinabaki kidogo.

Kona sasa. Ya ubavuni ni nyuzi 90. Ya kichwani siyo 90, inafunguka kufuata mteremko, paa la nyuzi 15 linataka kona ya 105. Kama hesabu hizi zinakuchosha chukua boksi, likunje, panda juu ulilaze pale mpaka lishike ukuta na bati vizuri, alafu mpelekee hilo boksi. Mimi mpaka leo natumia boksi.

## Hatua ya 1: Ng'oa simenti yote ya zamani

Yote. Usiweke flashingi juu ya simenti iliyopasuka ukisema inasaidia, haisaidii, inainua flashingi na kushika unyevu chini yake. Tumia tindo na nyundo ndogo, piga kutoka pembeni, usipige kuelekea chini utatoboa bati.

Huku kwetu asubuhi bati lina umande linateleza kama sabuni, subiri mpaka saa tatu hivi likauke. Kanyaga pale penye mstari wa skruu, hapo chini kuna papi, na weka ubao.

Ukishang'oa, angalia ncha za bati. Zikiwa na matundu au unga mweupe, kata hiyo sehemu ikiwa flashingi itafunika, au badilisha bati. Chokonoa na papi la kwanza kwa bisibisi, likizama kama kwenye mkate hilo limeoza, na skruu haitashika hapo.

Umefanikiwa ukiona mstari msafi wa ukuta, na kati ya bati na ukuta pana nafasi ya kupitisha kidole. Kama bati limebana ukuta lipunguze kwa mkasi.

## Hatua ya 2: Inua ncha za bati (kichwani tu)

Hii hatua hakuna anayeifanya na inachukua nusu saa. Shika lile bonde bapa kati ya mgongo na mgongo kwa plaiya, likunje kwenda juu sentimita 2 au 3, kila bonde. Mvua ikija na upepo maji yanasukumwa kupanda kinyume na mteremko, yanapita chini ya flashingi, yakikuta kale kaukuta yanarudi.

Fanya taratibu kwa kugawa mara mbili tatu, geji nyembamba ukilikunja kwa mkupuo linapasuka. Bati la mawimbi madogo halikubali kukunjwa hivi, hilo weka sponji iliyokatwa kufuata mawimbi.

## Hatua ya 3: Piga mstari

Pima sentimita 15 kutoka juu ya mgongo wa bati, siyo kutoka bondeni. Kichwani mstari ulale sawa na pima maji. Ubavuni ufuate mteremko wa paa, weka alama juu na chini alafu piga kamba ya chaki.

Kwenye ukuta andika na chochote, ila kwenye bati la aluzinki usiguse na penseli. Ule weusi wa penseli ukikaa na unyevu unaanzisha kutu ya mstari, utashangaa mwaka kesho unasoma vipimo vyako.

Kabla ya grinda ingia ndani uangalie upande wa pili wa huo ukuta kama kuna swichi, soketi au taa ya nje. Waya unapita kwenye plasta. Zima meini swichi na grinda ipate umeme kwa jirani kama huna uhakika, afadhali uonekane mwoga.

## Hatua ya 4: Kata mfereji ukutani

Funika bati na magunia yaliyoloweshwa. Vumbi la tofali na vipande vya moto vikitua kwenye bati la rangi vinaharibu rangi yake.

Kata mara mbili sambamba ili mfereji uwe na upana wa milimita 8 hadi 10, kina sentimita 3, alafu toa katikati kwa tindo. Kina lazima kivuke plasta kiingie kwenye tofali. Plasta nyingi ni sentimita moja na nusu hivi, na mdomo ukiishia kwenye plasta siku plasta ikibanduka flashingi inabaki inaning'inia, pia maji yanayoshuka nyuma ya plasta hayakutani nayo kabisa yanaendelea na safari. Ukuta wa mawe kama zile nyumba za zamani za Arusha usihangaike kukata jiwe, fuata maungio ya simenti kati ya mawe, kwangua yale.

Mikono miwili kwenye grinda muda wote. Kama ngazi inakulazimisha kushika kwa mkono mmoja, shuka ujenge jukwaa.

Piga brashi, puliza, mwagia maji kidogo kutoa vumbi, na uache mpaka kesho. Silanti ikikuta vumbi inashika vumbi, haishiki ukuta.

Umefanikiwa kama kipande cha flashingi kinaingia mdomo wote bila nyundo.

## Hatua ya 5: Kipande cha kutema maji (ubavuni, kinaanza hiki)

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndo niliaibika.

Kibaraza cha kwangu mwenyewe nilikifunga flashingi ubavuni, nzuri, imenyooka, nikapiga na picha. Mwaka wa kwanza ndani hakuna hata tone. Mwaka wa pili naona chini ya mwisho wa paa, pembeni ya gata, ukuta umeota ukijani, alafu plasta ikaanza kudondoka vipande vya ukubwa wa chapati. Nikasema gata limeziba. Nikasafisha gata. Siku moja mvua inanyesha nikatoka na mwamvuli nikasimama kuangalia: maji yote ya ubavuni yanashuka na flashingi, yanafika mwisho wa bati, hayaingii kwenye gata, yanakunja kona na kushuka na ukuta kama bomba limeachwa wazi. Flashingi yangu ilikua inakusanya maji na kuyapeleka sehemu moja ya ukuta.

Dawa yake ni kipande kifupi pale mwisho wa chini kinachogeuka kuuacha ukuta na kutemea ndani ya gata. Chukua kipande cha flashingi cha sentimita 30. Sentimita 20 za juu zinakaa kawaida, 10 za mwisho ile sehemu inayosimama inakunjwa kwenda nje, nyuzi 45 hivi, itoke kwenye uso wa ukuta na kuning'inia juu ya gata.

Shida ni kwamba ukikunja hivyo kona inataka kukatwa, na ukikata unapata tundu palepale unapopitisha maji mengi kuliko sehemu yoyote. Usikate. Kunja kona ile ya ziada ijilalie nyuma, kama mama wa karanga anavyokunja karatasi chini karanga zisimwagike. Jaribu kwanza na boksi mara mbili tatu. Ukishindwa kabisa kata, ila weka kiraka nyuma na silanti kati.

Kata gata kidogo au lisogeze ili kipande kitemee ndani yake siyo nyuma yake. Mwaga kikombe cha maji juu: yakiangukia yote ndani ya gata na ukuta ukabaki mkavu, endelea.

## Hatua ya 6: Panga na funga flashingi

Ubavuni anza chini kupanda juu, cha juu kilalie cha chini sentimita 15. Kichwani anza upande ule ambao upepo wa mvua hautokei, umalizie upande unaotokea, ili mvua ipite juu ya maungio isiingie ndani yake. Kila maungio weka mistari miwili ya silanti kati ya vipande kabla ya kubana.

Ubavuni flashingi ifunike angalau migongo miwili ya bati la mawimbi, au mgongo mmoja mzima wa msauzi na ishuke upande wa pili. Kichwani ule ukingo wa chini ukate ufuate migongo ili ushuke mabondeni, la sivyo unaacha mashimo ya kupitisha panya achilia mbali maji.

Skruu juu ya mgongo, kamwe siyo bondeni, ruka mgongo mmoja mmoja. Kaza mpaka mpira uvimbe kidogo pembeni. Ukitokeza kama ulimi umezidisha, mwaka mmoja na jua hili umepasuka.

Ukutani usipige msumari kwenye ile sehemu ya kusimama. Najua inakushawishi kwa sababu flashingi inacheza, lakini kila msumari ni tundu jipya, na ukiifunga juu na chini kwa pamoja umerudi kulekule kwa simenti, bati likitaka kutembea litang'oa kimoja. Badala yake chukua mabaki ya bati pleni, kunja vikabari vidogo, gongea ndani ya mfereji, kimoja kila baada ya sentimita 45 au pungufu, vibane mdomo.

Ukiivuta kwa mkono haitoki, na ukiangalia kwa jicho moja kutoka mwisho wa ukuta mstari haujapinda. Hapo nenda kanywe chai.

## Hatua ya 7: Ziba mfereji

Mfereji uwe mkavu. Sindikiza sponji nyembamba ndani ikae kama sentimita 1 kutoka usoni, alafu jaza silanti mbele yake. Sponji inafanya silanti ishike juu na chini tu, isishike nyuma, ndo inaweza kuvutika bila kuchanika, na pia inakuokolea tyubu. Lainisha na kidole chenye maji ya sabuni, mteremko utazame nje.

Alafu kosa ambalo limenitoa machozi: usizibe ukingo wa chini wa flashingi pale unapolalia bati. Watu wakibakiwa na silanti wanaimalizia pale wanaona wamefunga vizuri zaidi. Maji kidogo yakiingia kwa juu, au jasho la bati la asubuhi, hayo yanatokea palepale chini. Ukiziba umetengeneza chupa.

Iache masaa 24 bila maji. Ndo maana kazi hii ifanye Januari, Februari, au kuanzia Julai mpaka Septemba, siyo Aprili mawingu yameshakaa juu ya mlima alafu unanipigia nije haraka.

## Hatua ya 8: Jaribu kwa maji kabla mvua haijakujaribia

Mtu mmoja ndani na tochi, mmoja juu na mpira wa maji. Anza kumwagia chini kabisa kwenye bati, dakika 10. Kavu? Panda kwenye maungio, dakika 10. Alafu kwenye mfereji. Mwisho mwagia ukuta wenyewe juu ya flashingi. Ukianzia juu kila kitu kinalowa na hutajua maji yalipoingilia.

Na kama pakivuja pale ulipomwagia ukuta peke yake, flashingi yako haina kosa, una ufa kwenye plasta au dirisha la juu, tafuta huko.

## Kama ukuta wako ni wa mbao

Hapa hakuna grinda na karibu hakuna silanti. Flashingi inakaa nyuma ya mbao. Ng'oa mbao moja au mbili za chini kabisa juu ya paa, simamisha flashingi kwenye nguzo za ukuta sentimita 15 au zaidi, misumari iwe juu kabisa ya kimo chake, alafu ile karatasi ya lami au nailoni ya ukutani ishuke mbele ya flashingi, siyo nyuma. Cha juu kilalie cha chini, maji yakishuka yakute kila kitu kinayapeleka nje.

Ukirudisha mbao zikate zibaki sentimita 4 au 5 juu ya bati. Mbao inayogusa bati inanyonya maji kama utambi. Ile sehemu uliyokata ipake rangi au oili kabla hujaipigilia, maana ukishapigilia brashi haifiki. Kipande cha kutema maji ni kilekile na hapa ni muhimu zaidi kwa sababu plasta ikioza unabandua, nguzo ya mbao ikioza unainua nyumba.

## Lile doa la ndani

Usikimbilie kupaka rangi wiki hiyohiyo. Tofali lililonyonya maji masika mbili halikauki kwa siku tatu, na rangi ukiiweka juu ya unyevu itavimba tena utanilaumu mimi. Kwangua rangi iliyovimba na plasta laini, acha madirisha wazi, subiri wiki tatu nne. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa seloteipu pande zote jioni, asubuhi angalia: kikiwa na ukungu kwa ndani bado, kikiwa kikavu nenda kanunue rangi.